Lumbesa ya Kijani

Kipande cha tumbawe kilipofika Tukuyu kilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda, na muuzaji wa Dar aliyekikuza kwenye matangi yake alikuwa ameniapia kwamba kina macho ishirini. Nilihesabu, nikapata kumi na saba. Nikarudia, kumi na saba. Nikampigia simu. Akasema mengine yamefumba kwa uchovu wa safari, nisubiri. Mimi ni dalali wa viazi. Nanunua Isongole, nauza mjini, na neno “subiri” huwa silinunui kwa mtu. Siku ya tatu yakafunguka yote, yakawa ishirini na mawili. Sikumpigia tena.

Macho ni jina nililoyapa mwenyewe. Haya ni matumbawe laini, yale yanayotambaa juu ya jiwe kama zulia: ngozi nyembamba ya zambarau, na juu yake viua vidogo vya kijani, kila kimoja na vidole vinane. Ukigusa maji vinajificha vyote, jiwe linabaki zambarau tupu. Ukitulia vinarudi.

Watu huuliza bahari inatafuta nini hapa Makandana, mtaani kwetu Tukuyu, mahali ambapo mwezi wa saba mtu anavaa sweta juu ya sweta. Nawajibu kwamba nina kitu ambacho watu wa pwani hawana. Wao hununua mashine ya kusafishia maji kabla ya kuyatia chumvi. Mimi nina mvua. Naacha ya kwanza ioshe bati, inayofuata nakinga kwenye pipa, naipima, naipima tena, halafu nachanganya na chumvi maalumu ya matangi. Wao wanahangaika na feni kupoza maji. Mimi nina hita, na blanketi nyuma ya kioo.

Jirani yangu fundi cherehani, ambaye wazee wake walitoka Tanga, alikuja kuangalia nikikoroga ndoo.

“Bahari ya mvua sijawahi kuisikia,” alisema. “Hata kwetu Tanga.”

“Kwenu Tanga umekwenda mara ngapi?”

“Mara moja. Msibani.”

Ndani ya mwaka mmoja lile zulia lilikuwa limefunika jiwe lote kubwa la katikati, likamwagika pembeni, likaanza kupanda kioo cha nyuma. Katika kazi yetu gunia likijaa halafu likaongezewa kilemba cha viazi juu, likashonwa kwa kamba, tunaliita lumbesa. Serikali hailipendi, mkulima halipendi, ila dalali akiliona moyo unatulia. Basi mimi nilikuwa na lumbesa ya kijani sebuleni. Mgeni akija nilikuwa namkalisha kiti kinachotazama tangi, na chai yake ilikuwa haiji mpaka ameuliza.

Mke wangu alikuwa na tumbawe lake moja. Alilichagua mwenyewe: rangi ya waridi iliyofifia, mashina manane, na juu ya kila shina vikono vinavyofumba na kufumbua vyenyewe, bila kuguswa. Jioni akitoka kazini alikuwa anavuta kigoda, anakaa mbele yake na kikombe. Nyumba nzima ilijua huo si muda wa kumwomba chochote.

Kisha yale mashina manane yakawa matano, na baadaye matatu. Zulia langu lilikuwa limefika chini yake na kulizunguka kama shuka, na vikono vilivyobaki vilifumba polepole, vikasahau kufumbua.

“Ulisema yote mawili yanaenea haraka,” mke wangu aliniambia. “Mbona la kwako linaongezeka haraka na la kwangu linapungua haraka?”

“Ni maji. Nitabadilisha maji.”

Nilibadilisha maji. Nikageuza pampu, nikashusha taa, nikapima chumvi asubuhi na jioni. Nilifanya kila kitu isipokuwa kuligusa la kijani. Ukweli wenyewe nilikuwa naujua. Tatizo ni kwamba sijawahi maishani kupunguza gunia langu kwa hiari.

Wiki ileile mama yangu alikuja kutoka Kisondela kwa ajili ya kliniki ya presha, akakaa kwetu. Nilimpa kile kiti cha wageni. Akatazama kwa muda.

“Hiki kinaliwa?”

“Hapana, mama.”

“Kinauzwa?”

“Bado.”

“Sasa kinafanya nini?”

“Kinaota.”

Hilo alilikubali, mama anaheshimu chochote kinachoota. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

“Anayepunguza hapa ni nani?”

“Hapunguzi mtu.”

Akageuka kunitazama kama vile nimemwambia watoto hawajala tangu juzi. “Baba, nilikufundisha nini kwenye migomba? Kila shina unaacha mama, mtoto na mjukuu. Wengine wote unang’oa. Wewe una shamba la ndizi humu ndani na hujawahi kuingia na panga.” Akamnyooshea kidole mke wangu. “Na huyu mwenzako unamwonea.”

“Ndaga, mama,” mke wangu alisema kutoka jikoni. Asante, kwa Kinyakyusa, lugha anayoitumia pale tu anapotaka kuniudhi.

“Nitatoa robo,” nikasema.

“Nusu ya jiwe, na yote yanayogusa la mkeo.”

“Theluthi.”

Mama akafungua kitenge chake, akakifunga upya taratibu, macho yakiwa dirishani. Kupatana bei nilijifunzia pembeni ya mikungu yake sokoni, nikimwona akiwafanyia wanunuzi hivyohivyo, na sijawahi kumwona mnunuzi aliyeshinda kile kitenge.

“Nusu,” nikasema. “Na yanayogusa.”

Nilitoa jiwe nikaliweka kwenye beseni lenye maji ya tangi lenyewe. Ile ngozi ya zambarau hubanduka kwa kucha, inakuja kipande kizima, na chini yake jiwe ni jeupe. Kuzunguka mashina matatu nilitumia mswaki wa zamani, maana ukiacha hata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinaanza upya. Mama alisimamia. Kila nilipoinua kichwa alisema, “Pale.”

Vipande nilivyobandua vilikuwa kumi na vinne, na bei yake nilishaipanga kichwani kabla sijanawa mikono.

“Machipukizi unampa nani?” mama akauliza.

“Kumpa?”

“Kwetu mtu akitaka mgomba anakuja kuomba, unamng’olea. Au mjini mmeacha?”

Fundi cherehani alipata vinne. Anavyo kwenye kitangi pembeni ya cherehani yake, na wateja anawaambia vimetoka kwao Tanga.

Siku tisa hakukuwa na badiliko. Mashina matatu, tena moja limelala. Kigoda kilikaa ukutani, na mimi nilikuwa napita mbele ya tangi bila kugeuza kichwa. Siku ya kumi lile lililolala lilisimama. Wiki iliyofuata vikono vilikuwa vinafumba na kufumbua kwa kasi kama watoto wanaoomba pipi.

Juzi mke wangu alivuta kigoda, akaniita nihesabu. Nikahesabu mashina kumi na moja. Nikarudia, kumi na mawili. Nikamwambia mmoja wetu anatikisa meza. Akanionyesha kwa kidole: shina la mwisho, pale jiwe lilipokuwa jeupe, lilikuwa linapasuka katikati, nusu moja tayari ina vikono vyake.

“Niandike mangapi?” akaniuliza, kalamu mkononi.

“Kumi na mawili,” nikasema, na nikaenda kumpigia simu mama, aliyekwisha kurudi Kisondela.