Chumvi Ndani ya Shasi

Siku ya kwanza nilipoingia garaji ya misheni, upande wa Nundu, nilitegemea kupewa funguo za kufungulia nati. Shefu datelie, yaani mkuu wa karakana, alinipa nyundo ndogo yenye mpini uliochakaa, akanionyesha lori lililokuwa limeinuliwa juu ya magogo.

"Ingia chini," akasema. "Piga shasi, kutoka mbele mupaka nyuma. Usifungue kitu."

Nikalala mgongoni juu ya gunia, nikapiga. Nilipotoka akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia chuma.

"Chuma!" Akawageukia mafundi wengine. "Munasikia? Bamenitumia mutu wa kuniambia kama lori iko ya chuma. Miye nilizania iko ya mihogo." Wakacheka sana. "Rudia. Iko fasi inalia, na iko fasi inakohoa. Usitoke mule mbele ya kujua fasi yenye kukohoa."

Nikarudi. Karibu na gurudumu la mbele la kushoto sauti ilibadilika, ikawa butu, kama mtu anayegonga kifua cha mgonjwa. Nikamwita. Aliingia mwenyewe na nguo zake safi, akachokoa kwa bisibisi, na kile chuma kikatuangukia usoni tabaka juu ya tabaka, kama majani makavu ya mgomba. Hakunisifu. Alisema tu, "Mungu akutunzie masikio."

Vijana mnaosoma haya, wengi wenu mnajua injini kuliko shasi, nami siwalaumu, kwa sababu injini ina kelele na shasi haina. Shasi ndiyo mifupa ya gari. Ni vyuma viwili virefu, tunaviita lonjeroni, vinavyotoka mbele hadi nyuma, vikiunganishwa na vyuma vifupi vya kukatiza. Bodi, injini, springi na watu wote wanaopanda hukaa juu yake. Injini ikifa, gari husimama, mnashuka na kutembea kwa miguu. Shasi ikikatika njiani hakuna anayeulizwa kama yuko tayari.

Tena mjue kwamba lonjeroni ina uwazi ndani kama bomba. Waliotengeneza gari waliacha matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke. Kwetu matundu hayo huzibwa na matope ya msimu wa kwanza, na kuanzia hapo maji yakiingia hayana njia ya kutoka. Kutu ya nje mtu anaiona na kuikwangua. Ile ya ndani hula chuma polepole hadi kibaki ganda jembamba kama la yai, na ukilitazama utasema ni zima.

Kutoka misheni nilipelekwa Fizi, kwenye idara ya barabara. Mkuu wetu tulimwita Bwana Enspekta, mtu mkali, mwenye kikohozi. Kwake nilijifunza habari ya gudroni, ile lami nyeusi inayopakwa chini ya gari ili kuzuia kutu. Ikipakwa juu ya chuma safi ni dawa. Ikipakwa juu ya kutu inafungia ugonjwa ndani na kuuficha. Bwana Enspekta alipoona gari kuukuu lenye gudroni mpya alikuwa akisema, "Hii bameisha kuivalisha nguo za kuzikiwa." Kisha ananiita na nyundo yangu.

Baadaye vita vilitutawanya, na niliporudi nilifanya kazi Baraka katika shirika moja la misaada, chini ya mama aliyesimamia magari yote. Huyo aliwalazimisha madereva kuosha chini kabla ya kuosha juu. "Muoshe tumbo," alikuwa akiwaambia. "Uso nitaangalia miye mwenyewe." Walimnung'unikia, lakini magari yake yalidumu. Shirika lilipofunga ofisi, nikafungua karakana yangu mwenyewe kando ya barabara, nikamshukuru Mungu kwa kila mwalimu aliyenipa.

Hapo Baraka ndipo nilipokutana na chumvi. Inavuka ziwa katika maboti kutoka Tanzania, magunia kwa magunia, na sehemu kubwa hupanda hadi Minembwe kwa ajili ya ng'ombe. Mvua ya mlimani hulowesha magunia, maji ya chumvi hupenya sakafu ya gari na kushuka ndani ya lonjeroni. Gari la kubeba chumvi linaweza kuzeeka upesi kuliko mwenye gari. Mwenyewe akishaanza kulisikia likilalamika kwenye kona, hulipaka rangi na kuliuza.

Sasa nitawaeleza gari moja tu, kwa sababu mengine yote niliyoyapiga nyundo nimeyasahau.

Wamama wa kanisa letu walikuwa wamelima mihogo na kuuza ndagala, yaani dagaa, kwa miaka mingi ili wapate gari la kuwachukua wagonjwa wa vijiji vya juu. Hatimaye wakalinunua Uvira kwa mfanyabiashara. Lilikuwa gari la jipi, refu, jeupe linalong'aa. Siku ya kuliweka wakfu ilikuwa imekwisha kutangazwa. Pasta akasema lipitie kwangu kwanza, kwa desturi tu, maana mimi ni mzee wa kanisa na ni fundi. Wamama walilisindikiza mpaka uwanjani kwangu wakiimba.

Nikaingia chini. Gudroni ilikuwa mpya, bado inanuka. Nikapiga, na kutoka gurudumu la mbele hadi karibu na mlango shasi ilikohoa. Nikakwangua. Kidole changu kikapita. Nilipokitoa kilikuwa na unga mwekundu, nikaugusa kwa ulimi.

"Papa Asukulu, unalamba gari?" Alikuwa kiongozi wa wamama, tunamwita Mama Prezida. "Bibi yako hakukupikia leo?"

Watu wakaangua kicheko. Nikatoka chini.

"Mama, hii gari ilibeba chumvi."

"Ikuwe ilibeba! Na siye Yesu alisema tuko chumvi." Wakacheka tena, na mmoja akapiga vigelegele.

Sikucheka, na polepole wakanyamaza. Nikawaeleza kwamba chuma kinachoshika gurudumu la mbele kimeoza kutoka ndani, na kwamba siku moja kwenye mawe gurudumu litakwenda peke yake na watu watakwenda peke yao. Pasta akauliza kama siwezi kushikisha kipande cha bati nene kwa moto.

"Nitashikisha ku nini, Pasta? Ni kama kushona nguo yenye kuoza. Sindano inapita, uzi hauna fasi ya kukamata."

Mama Prezida akanisogelea. Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa na sugu za jembe lililolinunua lile gari. "Papa, paka gudroni ingine, siye tutaomba. Ao weye muzee wa kanisa hauna imani?"

"Imani niko nayo, Mama. Lakini kidole yangu imepita."

Walibishana hadi jua likawa kali. Kuna aliyesema nina wivu, kuna aliyesema nimetumwa. Mwisho Pasta aliomba, akaamua gari lisitembee hadi ipatikane shasi nyingine. Shasi ingetoka Uvira au mbali zaidi, na wakati ule barabara ilikuwa na hatari. Yule muuzaji akaacha kupokea simu. Gari likabaki uwanjani kwangu, jeupe, na wamama wakipita kwenda ziwani waliniita kutoka barabarani: "Papa, mugonjwa wetu anaendelea aje?" Mwanzoni ilikuwa mzaha.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Mama Prezida alinipigia simu. Huko Lubondja, kijiji cha juu, Esperansi, mke wa mkulima wetu mmoja aitwaye Wilondja, alikuwa katika uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Wauguzi wamesema afikishwe hospitali, na hawezi kukaa juu ya pikipiki.

"Itembee mara moja tu, Papa. Mara moja, kisha uivunje."

Nilikuwa nimesimama kando ya gari. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ukutani. Ninaijua ile barabara, miteremko yake na mawe yake wakati wa mvua.

"Nani bataingia ndani, Mama?"

"Shofere. Muganga. Mama yake. Na yeye."

"Siwezi kuitoa."

Nikasikia kuku nyuma yake. "Utajibu mbele ya Mungu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nitajibu."

Nikazunguka Baraka kutafuta gari lingine. Moja lilikuwa limepanda Minembwe, lingine lilikuwa bila injini, la tatu mwenyewe aliogopa barabara. Huko juu wanaume walimweka Esperansi kwenye tipoyi, kitanda cha miti, wakambeba mabegani kwa zamu katika matope. Alikufa kabla hawajafika Fizi. Mtoto naye hakuishi.

Nilikwenda kwenye mazishi. Hakuna aliyenitukana. Mama Prezida alinipa mkono bila kunitazama. Wakati wa kuomba nilifumba macho kama wote, lakini maneno hayakuja, na mimi nilikuwa nimezoea yaje.

Matanga yalipokwisha, Wilondja alishuka Baraka. Nilimwona akiingia uwanjani akiwa amevua kofia. Nikamletea kiti, akakataa.

"Papa, sikuya kwa kesi," akasema. "Minataka kuiona."

Nikamwonyesha gari. Akaomba nyundo, nikampa ile ndogo. Akajilaza kwenye gunia langu, mkulima ambaye hajawahi kuingia chini ya gari, nami nikalala kando yake kama shefu datelie alivyolala kando yangu. Akapiga mbele. Nyundo ikazama, kutu ikammwagikia kifuani. Akaichukua kwa vidole akaisugua.

"Gurudumu inakamata hapa?"

"Hapa."

"Ingefika, Papa? Siku ile moja?"

Nilikuwa nimejua kwamba atauliza. Tangu mazishi watu walikuwa wamenipa jibu la kumpa: kwamba ingekatika, kwamba wangekufa watano badala ya wawili. Ni jibu zuri, na huenda ni la kweli. Lakini nimeona shasi mbovu kuliko ile zikitembea msimu mzima, na nimeona nyingine zikikatika mbele ya soko, gari likiwa halijabeba kitu.

"Sijue, ndugu yangu," nikasema. "Pengine ingefika. Sikuweza kujua, na leo pia sijue."

Akaanza kujiburuta kuelekea nyuma, akipiga kila hatua ya mkono. Chuma kilikohoa, kikakohoa, halafu nyuma ya mlango sauti ikabadilika. Ikalia. Akapiga tena, ikalia wazi kama kengele ya shule. Chumvi haikufika huko.

"Hapa iko muzima," akasema.

"Ndiyo. Toka hapo mupaka nyuma iko muzima."

"Na mugonjwa, bangemulalisha wapi?"

Ningetamani asiniulize hilo. "Hapo juu," nikasema. "Hapo hapo juu yako."

Akaweka nyundo chini. Akainua mkono, akabandika kiganja chote kwenye kile chuma, akakaa hivyo. Sikumwomba atoke, nami sikutoka. Mvua ilianza, ikapiga bati la gari juu yetu, na tulilala pale wawili mpaka ilipopungua. Kisha akajifuta, akaniaga kwa heshima kama anavyoagwa mzee, akarudi kwao.

Mimi nimestaafu. Karakana wameichukua wengine, vijana wenye mashine nzuri kuliko zangu. Huja kuniuliza mambo, na ninawaambia yale yale: ondoeni gudroni kabla ya kuamini, zibueni matundu ya maji, osheni tumbo, onjeni unga wa kutu, na mkishajua msifiche, hata kama waliowaletea gari wamekuja wakiimba. Siwaambii kwamba mtalala vizuri baada ya hapo. Ninamshukuru Mungu kwa maisha marefu, kwa kazi na kwa mikono, na kila jioni ninamtajia jina la Esperansi, na lile la mtoto ambalo hakupewa. Sijadai jibu. Nitakapofika nitajibu mimi, kama nilivyoahidi.

Lile gari wamama waliniachia. Bodi tuliikata, injini ikaenda kwenye mashine ya kusaga mihogo. Shasi iko nyuma ya nyumba, majani yameota katikati yake. Upande wa mbele umekwisha, umegeuka udongo mwekundu. Masikio yangu, yale niliyoombewa siku ya kwanza, yamechoka. Mke wangu huniita mara tatu ndipo nigeuke. Lakini masika yanapoingia ninachukua nyundo ndogo, ninakwenda nyuma ya nyumba na kupiga pale ambapo mgonjwa angelazwa. Bado panalia. Pale ninasikia vizuri kabisa.