Harusi ya mdogo wangu: sound card tatu na wivu wangu

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na hakinipendezeshi, kwa hiyo hamna sababu ya kudhani nimekipamba.

Wengi humu mnanijua kwa kuelekeza mambo ya kompyuta taratibu, hata kama swali limeulizwa mara kumi. Leo nawasimulia siku niliyojua jibu nikanyamaza.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa fundi wa sauti kanisani kwetu. Mwaka jana akahamia Trésor kutoka Lubumbashi, headphone shingoni, na sound card yake ya nje, kile kifaa cha kutolea sauti ya kompyuta, cha kuchomeka USB. Siwezi kudanganya, ule mvumo uliokuwa kwenye spika zetu ulipotea siku ya kwanza.

Akina mama wa kwaya waliokuwa wakiniletea Fanta baada ya ibada wakaanza kumpelekea yeye. Chekeni tu. Mimi niliitazama ile chupa mpaka akaimaliza.

Kisha mdogo wangu Nadège akapanga harusi. Nilikuwa nimeshatenga hata nyaya. Akaniambia (yaya kwetu ni kaka mkubwa, sono ni mitambo ya sauti):

"Yaya, siku ile weye bakia na famille. Trésor ataangalia sono."

Nikajibu hakuna shida. Wiki nzima sikula vizuri.

Siku ikafika, kanisa limejaa. Bibi harusi akiwa bado njiani, courant, yaani umeme, ikakata.

Hapa kwetu courant ikikata, kila mtu anakimbilia kuchomoa vyombo vyake, maana ikirudi inarudi na nguvu na kuunguza. Trésor naye akachomoa vyote, mpaka sound card. Jenereta ikawashwa, akachomeka upya, haraka haraka.

Nadège akasimama mlangoni, ameshikwa mkono na papa, baba yetu. Trésor akabonyeza wimbo wa kuingilia.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Akapandisha volume kwenye mixer mpaka mwisho. Akatikisa nyaya.

Mimi nilikuwa benchi la pili, nyuma yake kidogo, na nikaona mambo mawili. La kwanza, sound card alikuwa ameichomeka upande wa kushoto wa laptop, wakati siku zote inakaa kulia. La pili, kwenye screen vile vimstari vya sauti vilikuwa vinacheza. Maana yake wimbo unapiga, ila unatokea mahali pengine.

Niwaeleweshe wale wageni wa mambo haya. Laptop ile ina njia tatu za sauti: sound card ya ndani, sound card ya USB, na HDMI inayokwenda kwenye projekta. Ukichomoa USB, kompyuta inachagua njia nyingine yenyewe. Ukiirudisha kwenye tundu tofauti, inaweza kuihesabu kama kifaa kigeni na isirudi kwake. Sauti ilikuwa inakwenda kwenye projekta, na projekta yetu haina spika.

Nilijua hayo yote kabla hajabonyeza mara ya tatu. Nikakunja mikono.

Tante Béa, dada yake papa, akapaza sauti: "Technicien ya Lubumbashi, tuimbe na kinywa?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Na wakuu, nilisikia utamu, kama mtu aliyekunywa maji baridi kwenye jua.

Kisha nikatazama mlangoni. Papa alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nadège alikuwa ameinamisha kichwa juu ya maua yake.

Trésor akageuka, jasho linamtiririka, akaniita mbele ya watu wote:

"Vieux Déo, kuya unisaidie. Minye nimeshindwa."

Nikaenda. Kwanza nikashusha mixer yote chini, maana sauti ingerudi vile ingepasua masikio ya watu. Nikafunga player, ile programu ya kupigia nyimbo. Nikabonyeza alama ya spika pale chini, nikachagua output, yaani njia ya kutokea sauti, ya USB. Nikafungua player upya, kwa sababu nyingine zinang'ang'ania njia ya zamani. Nikapandisha mixer polepole.

Wimbo ukatoka. Nadège akaingia, macho mekundu.

Kwenye sherehe Trésor akaniinua mkono mbele ya watu: "Bila huyu mukubwa yangu, leo ningekufa na haya!" Makofi. Ndiyo makofi niliyokuwa nayatamani mwaka mzima, na sikujua niangalie wapi.

Baadaye Nadège akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Yaya, nilikuona umekunja mikono. Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Hapana, nilikuwa nafikiri."

Kwa upande wa kompyuta, fundisho ni hili: wekeni alama kwenye tundu la USB (sisi tumepaka rangi ya kucha), na zimeni sauti ya HDMI kama projekta haina spika. Kabla ya kutikisa nyaya, angalieni kwanza output.

Kwa upande wangu, wivu bado upo. Nikimwona na ile headphone, nageuzia macho pembeni.

Ila Trésor ni mwanachama humu, na huwa anasoma nyuzi zangu. Ndugu yangu, nilijua kabla hujaniita. Nisamehe. Nikimaliza kuandika hapa naenda kwa Nadège kumwambia yeye pia.

Wakuu, aliyewahi kumwacha mwenzake aaibike huku jibu analo, aseme hapa chini. Na mwenye swali la sound card aulize, nitamjibu.