Uzi wa Mafundo Manne

Mwaka 1952 Tusajigwe alichaguliwa kwenda Iringa kusomea uuguzi na ukunga. Sheria ya shule ilikuwa moja tu ya kutisha: ukipata mimba, unafungasha sanduku siku hiyohiyo. Bibi yake, aliyejua kwamba msichana ana mchumba, akasokota uzi wa gome, akaufunga mafundo manne, moja kwa kila mwaka wa masomo, kuzuia kizazi. Akauficha anapopajua yeye. "Ukimaliza, njoo nikufungue," alisema. Mwaka wa tatu bibi wa watu akafa na siri yake.

Mchumba mwenyewe, Yotamu, naye alikuwa Iringa akisomea uganga wa hospitali. Walioana mwaka 1956, wakapangiwa zahanati moja kwao Rungwe. Miaka miwili ikapita, mtoto hakuna. Mama mkwe, aliyekwisha sikia habari za bibi, hakuhitaji cheti kujua ubaya uko wapi: ni ule uzi.

Tusajigwe hakuuamini uzi. Alimwomba mumewe wapime kama walivyofundishwa. Yotamu akaweka mbegu zake chini ya darubini, akatazama, akasogea kando. Tusajigwe naye akainama. Hakuna kilichotikisika. Hapo ndipo Yotamu alipokiri kwamba akiwa mwanafunzi aliugua kisonono, akaona haya kusema, akachelewa kujitibu.

"Mwambie mama."

"Nimwambie nini? Nani atakuja kutibiwa na mimi?" Akakiosha kile kioo cha kupimia mpaka kikang'aa.

Na wiki ileile, mwanamume huyohuyo alipanda paa la marehemu bibi kubomoa nyasi, akitafuta uzi pamoja na ndugu zake! Ngazi ingestahili kumwangusha, lakini ngazi nazo hazina haki.

Siku ya tatu ndugu walianza kusema arudishwe kwao. Tusajigwe akaogopa, akakosea. Alisokota uzi wake, akaufunga mafundo manne, akaupaka masizi, akaupachika kwenye ufa wa ukuta wa nyumba ya bibi, kisha akapiga kelele kwamba ameuona. Mama mkwe aliyafungua mafundo kwa meno huku akilia kwa furaha. Kuku akachinjwa. Tusajigwe alikula kwa aibu. Alitaka muda tu, Yotamu apate moyo wa kusema.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka ukaisha, Yotamu hakusema.

"Tumekufungua, mwanangu," mama mkwe alisema. "Kumbe ubovu ni wako mwenyewe."

Wakadai ng'ombe wao wa mahari. Lakini ng'ombe wale walikwisha kutolewa mahari kumwoza kaka yake Tusajigwe, ambaye sasa ana watoto wawili. Baba hakuwa na hata ndama. Akafuata desturi: akamtoa Sekela, binti yake mdogo wa miaka kumi na saba, aende kumzalia Yotamu.

Tusajigwe alikimbia kwa baba yake, akamwambia yote, darubini na kisonono.

"Nani atakuamini?" baba akauliza. "Si wewe uliyeuona uzi kwa macho yako? Unataka mke wa kaka yako aondoke na wanawe walie?"

Sekela alifika asubuhi, mkeka kichwani. Akamvuta dada yake pembeni.

"Dada, wewe umesomea mambo haya. Niambie kweli, mimi nitazaa?"

Tusajigwe aliwakumbuka watoto wa kaka yake, akajichukia kuliko alivyomchukia Yotamu.

"Utazaa," alisema, akampokea mkeka.