Wapiga Kura wa Wana wa Buni Nilikuwa Mimi

Msimtafute mwingine wa kumlaumu. Mashabiki wa mwanzo wa kundi la wadogo zangu walikuwa bibi mmoja wa Ihanda, binti wa kwaya wa Mbozi Mission, mkulima wa Ileje na dereva wa lori kutoka Zambia. Wote wanne walikuwa mimi.

Nimelibeba jambo hili tangu msimu wa chati uliopita. Nimechoka kujicheka peke yangu, maana kicheko chenyewe kinaishia kooni. Nisikilizeni, halafu mnicheke na nyinyi.

Kwetu tumezaliwa wanne, wote wa kiume. Wazazi walifariki wakifuatana, wakatuachia shamba la kahawa huko Ihanda. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Niliacha shule nikawa baba, mama, na mpishi wa ugali wenye madonge. Wadogo zangu hawakulala njaa wala hawakugawanywa kwa ndugu kama vyombo. Hilo nalisema kwa kujidai kidogo, kwa sababu ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Mtu akizoea kuegemeza mgongo kwenye ukuta ili usianguke, anaendelea kuuegemea hata saruji ikishakauka.

Siku hizi nina kibanda Tunduma, karibu na mpaka. Nachaji simu za watu na kuwaingizia nyimbo kwenye memori kadi. Wadogo zangu, ambao hapa nitawaita Festo, Baraka na Enoki, waliunda kundi la kuimba wakaliita Wana wa Buni, kwa kuwa tumekua tukianika buni, punje za kahawa. Festo anachana mistari, Baraka anacheza na kuitikia, na Enoki, kitinda mimba wetu, ndiye mwenye sauti.

Redio moja ya mkoani kwetu ina chati ya nyimbo kumi kila Jumamosi mchana. Msikilizaji anapiga simu, anataja jina, anakotoka na wimbo anaoupigia kura. Safari ile walitangaza kwamba kundi litakaloshika namba moja mwisho wa msimu litapelekwa Mbeya kurekodi kwenye studio ya maana, na wimbo wake utapigwa video. Wadogo zangu walikuwa wakirekodi Vwawa, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na ukisikiliza vizuri unamsikia jogoo wa jirani akiitikia. Mbeya kwao ilikuwa mbingu.

Wimbo wao wa kwanza uliitwa "Malkia wa Ihanda". Uliingia namba kumi, na Jumamosi iliyofuata ukatoka kimyakimya, kama mgeni aliyekosea nyumba. Enoki hakula siku ile. Mimi nilikuwa nimewalea watoto wale kwa kuhakikisha wanakula. Nikasema moyoni, hapana, hili nalo nitalishughulikia.

Wimbo wa pili uliitwa "Mahindi Mabichi". Nitasema ukweli ingawa wataona: ulikuwa mbaya. Festo alimlinganisha mpenzi wake na hindi, akaanza na maganda, akaenda hadi kwenye gunzi. Jumamosi ile, mezani kwangu, simu za wateja zilikuwa zimejipanga zikichajiwa, nyingi ni zile ndogo za vitufe, vitochi visivyo na namba ya siri. Nikaichukua mojawapo.

Kwanza niliiwekea vocha yangu, nisije nikatumia salio la mtu. Ndiyo, nilikuwa mwizi mwenye adabu.

"Nani mwenzangu hewani?" mtangazaji akauliza.

Nikabana koo. "Ni mimi bibi yako, mjukuu wangu, naongea toka Ihanda."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mie nataka ule wa mahindi. Unanikumbusha marehemu mume wangu."

Sijui ule wimbo ungemkumbushaje mtu marehemu, lakini mtangazaji alicheka sana, na kura ikaingia. Nikashika simu nyingine nikawa binti wa kwaya, mwenye haya, anayeomba asitajwe kwa mchungaji wake. Nikawa mkulima wa Ileje mwenye lafudhi ya Kindali, ambayo Mndali yeyote angenishtaki kwayo. Nikawa dereva Mzambia anayesema "mukwai", neno lao la heshima, kila baada ya neno la pili. "Mahindi Mabichi" ulipanda hadi namba nne. Enoki alikula sahani mbili, nami nikaamini nimefanya kazi ya Mungu.

Kisha wakatoa "Foleni".

Huu ulikuwa wimbo. Kijana anamsubiri mpenzi kama lori linavyosubiri kuvuka mpaka, anasogea kidogo, anazima injini, anachemsha chai kando ya tairi. Enoki aliuimba kwa upole mpaka hata mimi, niliyewahi kumbadilishia nepi, niliacha kazi nikasikiliza. Madereva walikuja kibandani wakiuulizia. "Boss, naomba ile ya foleni, mukwai," waliniambia, na mimi nikawaingizia. Wanawake wa sokoni waliuimba wakipanga viazi. Vijana wa bodaboda waliuita wimbo wa taifa la Tunduma.

Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Na Jumamosi ilipofika nilibana koo nikawa bibi.

Mkiniuliza kwa nini, sina jibu la kunipendezesha. Sikuamini kitu kinaweza kusimama bila mimi chini yake. Tena siku hizo laini ya redio ilikuwa haipatikani. Nilipiga, nikapiga tena, inatumika. Nilikasirika nikawalaani wale wanaoijaza, nikiamini ni watu wa kundi pinzani la Nanyala wanaotufanyia hila. Nikazidisha simu. Zikipita mbili tatu, najifuta jasho kama mtu aliyepalilia.

"Foleni" ulishika namba moja, ukakaa hapo hadi Jumamosi ya mwisho. Wadogo zangu walikuja kibandani tusikilize pamoja wakivikwa taji. Baraka alikuwa ameshaazima begi la Mbeya.

Mtangazaji akasema, "Wasikilizaji, leo kabla ya kumtaja mshindi, nataka niwapigie mimi wale wapiga kura wetu waaminifu, niwashukuru. Tuanze na kipenzi chetu, yule bibi wa Ihanda."

Ng'ambo ya barabara, kwenye bucha, simu ikaita. Muuza nyama, jirani yangu, mtu wa kifua na sauti kama ngoma, aliweka panga chini, akafuta mkono kwenye koti, akapokea.

"Shikamoo bibi," mtangazaji akasema, na sauti ikatoka kwenye redio yangu.

"Marahaba," jirani akaitika, kwa mazoea. Halafu akashtuka. "Bibi nani?"

"Si ndiwe bibi yetu wa Ihanda?"

"Bibi labda wa kwako. Mimi nakata mifupa hapa Tunduma."

"Lakini mzee, namba hii imekuwa ikipiga kura kila wiki."

"Kura ya diwani?"

"Ya wimbo. 'Foleni'."

"Wimbo naupenda, lakini simu sijapiga. Jumamosi simu yangu inakuwa kwenye chaji pale kwa kijana wa nyimbo, leo tu ndiyo nimeichukua mapema. Ngoja nimuulize, huyu hapa namwona." Akapaza sauti kuvuka barabara, na mkoa mzima ukasikia: "We kijana, ni wewe ndiye bibi?"

Nilijaribu kuzima redio nikaongeza sauti.

Mtangazaji alipiga kwa binti wa kwaya, akapokea dereva wa bodaboda. Alipiga kwa mkulima wa Ileje, akapokea mama muuza vitumbua. Hapo aliacha kucheka. Alisema "Foleni" umeondolewa kwenye chati, na nyimbo zote za Wana wa Buni hazitapigwa tena kwenye kipindi hicho. Taji likaenda Nanyala.

Kibandani hakuna aliyenifokea. Ningefurahi kufokewa. Festo alitoka nje akasimama ametupa mgongo. Baraka alianza kufungua na kufunga zipu ya begi. Enoki ndiye aliyeuliza.

"Kaka, kwenye hizo kura, alikuwepo hata mtu mmoja wa kweli?"

"Sijui," nikamjibu. Na kweli sikujua. Nilikuwa nimejichanganya humo hadi sikuweza kujitoa.

Siku ya pili yake nilikwenda redioni. Nilimwomba yule mtangazaji afute kura zangu abakize za watu. Nilikuwa tayari kumtajia kila simu na kila sauti niliyotumia.

"Kaka yangu," akaniambia, "ukimwaga maji kwenye maziwa, uje uniambie nichuje maji?" Kisha akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi. "Wala hukuwa na haja. Tangu 'Foleni' utoke, simu zilikuwa zinafurika hapa. Fundi wetu alikuwa analalamika laini inaziba. Kila mtu anautaka huo."

Basi wale niliowalaani kwa kuijaza laini walikuwa ndio mashabiki wa wadogo zangu. Nilikuwa nagombania mlango nao, nawasukuma watu wa kweli ili bibi wa uongo apite.

Nilirudi nyumbani nikawaambia. "Walikuwa wengi. Simu zilifurika."

"Sasa hiyo ni habari nzuri au mbaya?" Enoki akauliza.

"Muulize bibi," Festo akasema, akaenda kulala.

Hiyo "bibi" imenigandia hadi leo. Wateja wananiachia simu wakisema, "Shikamoo bibi, usinipigie kura." Muuza nyama huniuliza marehemu mume wangu alipenda nyama ya wapi. Naitika yote. Ni halali yao. Lakini Mbeya haikutokea tena, na kwa muda mrefu wadogo zangu walifanya mazoezi kwa jirani, milango imefungwa, wasiniambie hata wimbo unahusu nini. Walinifungia nje kama anavyofungiwa mbuzi asiingie shambani.

Juzi walialikwa kuimba kwenye harusi huko Nanyala. Sikualikwa, ila hawakunikataza. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria. Wakaanza "Foleni". Kufika kiitikio Enoki alinyamaza, akaushusha mkono wenye kipaza sauti, na watu wakauimba wenyewe, wazee kwa watoto, kila neno. Walipomaliza, makofi yalilipuka.

Mpishi mmoja akanitazama. "Kaka, wewe hujafurahi? Mbona hupigi makofi?"

Nilikuwa nimeisukuma mikono yangu yote miwili mfukoni na kuikunja ngumi. Nilitaka, angalau mara moja maishani, kuyasikia makofi ya wadogo zangu ambayo mimi simo.

Yalikuwa mengi.

Wewe unayewalea wadogo zako, unayesoma haya huku ukijiona nguzo ya nyumba: siku wakisimama mbele za watu, nyamaza kwanza. Toa mgongo wako ukutani, rudi nyuma hatua chache, uangalie. Inatisha, nakuambia. Lakini usipofanya hivyo hutajua kamwe ulijenga nini.