Maji ya Ukoo na Betri ya Ndege

Kazi ya betri za ndege ilinigharimu khanga tisa, magauni mawili ya kitenge, jozi moja ya viatu vya ngozi, na miezi minne ya kununiwa na ukoo wa mama yangu. Nguo na viatu vililiwa na asidi. Ukoo nitaueleza. Nimehesabu mara mbili, na bado naona nilipewa bei nzuri.

Siku ya kwanza niliingia karakana ya ndege ndogo hapa Morogoro nikiwa na miaka sita ya kuchaji betri za magari kwenye kibanda changu cha Msamvu. Aliyenitafutia nafasi ni mjomba wangu, ambaye pale kazini wote walimwita Bwana Stoo. Kwetu Waluguru, kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Baba anakulea, mjomba anakuamulia.

Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu aliyeongea kama analipia kila neno, alinitazama mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechaji betri ngapi?"

"Elfu na kitu."

"Ngapi zilirudi na malalamiko?"

"Za wale ambao hawakulipa."

Hakucheka. "Ya gari ikifa, dereva anashuka anasukuma. Hii ikifa, nani ashuke?"

Nikakaza khanga kiunoni, nikamfuata chumba cha betri.

Alinifundisha upya mambo niliyodhani nayajua. Unapotoa betri kwenye ndege, waya wa hasi unatoka kwanza, na unaporudisha, unafungwa mwisho. Ukikosea, spana ikigusa bodi ya ndege itakupiga cheche mbele ya uso. Betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyo na harufu wala huruma, kwa hiyo chumba kiwe na hewa inayopita, na chaja izimwe kabla hujang'oa vibanio vyake. Maji huongezwa betri ikishajaa chaji, si kabla, kwa sababu inapochajiwa kimiminika hupanda. Msamvu nilikuwa najaza kwanza, kisha nafuta kilichomwagika. Sasa mnajua khanga zilikokwenda.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jaribio la uwezo. Betri iliyojaa, ya volti ishirini na nne, unaifunga kwenye mzigo wa umeme unaojulikana, unahesabu dakika mpaka volti zishuke hadi ishirini. Zile zetu zikiwa mpya zilimaliza saa nzima. Chini ya dakika arobaini na nane, betri hairudi angani. Injini ya ndege ndogo ina cheche zake yenyewe, haizimiki kwa sababu ya betri. Ila jenereta ikifa, redio na vipimo vya rubani vinaishi kwa betri peke yake. Dakika zile ni za kumtoa kwenye mawingu ya Uluguru hadi kwenye lami. Nilihesabu kwa saa mbili, ya ukutani na ya mkononi, maana saa moja ikidanganya hakuna wa kuisuta.

Mwezi wa saba betri zikaanza kunifia. Ya kwanza dakika arobaini na nne. Ya pili arobaini na moja. Ya tatu, ambayo haikuwa hata na mwaka, thelathini na tisa.

"Umeleta mkono wa Msamvu," Msimamizi alisema. "Una mpaka Ijumaa. Nieleze sababu, au urudi kibandani."

Nilikagua chaja, nikakagua waya, nikarudia. Jumatano nikaenda stoo kuchukua maji ya betri. Hayo ni maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa kuwa maji tena, ili chumvi zote zibaki nyuma. Nikamkuta mjomba anajaza chupa zake kutoka kwenye dumu la njano.

"Mjomba, hayo ya wapi?"

"Ya nyumbani." Alisema kwa fahari. "Chemchemi yetu, juu ya Mkuyuni. Ya dukani yalichelewa, nikaona ndege zisikae. Maji haya bibi yako kayanywa mpaka kazeeka na meno yake yote."

"Betri haina meno, mjomba."

"Ndiyo maana haijui kitu kizuri."

Hakuwa ameiba wala kuficha. Alizipa ndege kitu bora alichokijua. Nani katika sisi hajawahi kumwambia mgeni kwamba maji ya Uluguru hayana mfano? Nikachukua kipande cha kioo, nikadondosha tone la dumu upande mmoja na tone la chupa ya zamani, iliyokuwa bado na lakiri ya kiwandani kifunikoni, upande wa pili. Nikakianika juani. Tone la chupa lilikauka bila kuacha alama. La chemchemi liliacha duara jeupe.

"Haya madini ndiyo yanayokula betri," nikamwambia. "Nenda kamweleze Msimamizi mwenyewe, mimi nisikutangulie."

"Unayashtaki maji ya wazee wako?"

"Nayatoa kwenye betri tu. Kwenye mtungi yabaki."

Hakwenda. Ijumaa ilifika. Kumtaja mjomba mbele ya mgeni, kwetu, ni kujivua nguo sokoni. Lakini kwenye mizani upande wa pili alikaa rubani na abiria wake. Nilipima mara mbili, nikaenda na kioo changu.

Msimamizi alimwita mjomba, akamwambia adondoshe tone lake kwa mkono wake. Tulisubiri watatu, tone linakauka. Mjomba akagusa duara kwa kidole, akaonja.

"Chumvi," alisema. "Ni mimi niliyejaza."

Hakufukuzwa. Chupa zote zilimwagwa, betri zote zilizoguswa na maji yale zikaondolewa, na mimi nikabaki. Ila habari ilipanda mlimani kabla ya jua kuzama: mpwa amesema maji yetu mabaya. Miezi minne sikuitwa kwenye shughuli yoyote ya ukoo.

Halafu siku moja mchana, rubani wetu mmoja alipoteza jenereta nyuma ya milima, mawingu yamekaa. Alizima kila kisichohitajika, akabaki na redio na vipimo, akatua salama na abiria watatu baada ya dakika thelathini na tano. Niliipima ile betri mwenyewe: ilikuwa na akiba bado. Rubani alikuja chumba changu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mlangoni alisimama mjomba. "Rubani," alisema, "maji ya betri hiyo niliyatoa mimi. Ya chupa. Nilikagua lakiri mara mbili." Kisha akanigeukia. "Jumapili kuna sadaka nyumbani. Usichelewe, mpwa."

Kuanzia hapo hakuna chupa iliyotoka stoo bila yeye kukausha tone lake kwenye kioo. Nilipelekwa kiwanja cha ndege cha mbugani miaka mitatu, nikarudi kuwa Mkuu wa Chumba cha Betri, nikastaafu bila betri niliyoipitisha kumwangusha rubani hata mmoja. Wale walioniita mkono wa Msamvu walinipigia makofi mlangoni.

Sasa nalima nyanya Mlali. Juzi Msimamizi mpya kanipigia: wameletewa betri za lithiamu, nyepesi, hazina maji wala pa kuchungulia, zina kompyuta ndani inayosema "nzima". Anataka nimwambie lini aikatae betri. Ya zamani, ya madini ya risasi na asidi, ningemjibu usingizini. Hii siijui, na sitaki kumuuzia nisichokuwa nacho. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umezifanyia kazi, nisaidie: kompyuta ikisema nzima, nawe moyo umekataa, unapima nini?