Kisu cha Kukatia Kiande

Mume wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyenunua kile kisu. Ni kweli, mkono uliotoa hela ulikuwa wake. Lakini nani alikichagua? Hapo hujikuna kichwa, kisha huuliza kama chai iko. Basi wacha niseme mimi, maana nimengoja sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea kwisha. Mimi nilikuwa msichana wa Ruiru, kazi yangu kubandua magome ya miti ya miwati kwenye shamba la mzungu. Yeye alikuwa kijana wa kutoka magharibi, amekuja kutafuta kazi ya kiwanda Thika na akaipata. Hakujua neno la Kikuyu, nami sikujua neno la Kiluhya. Tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili hicho hicho, na mpaka leo hatujabadilisha.

Baba alimkubali bila maneno mengi. Mwenye shida alikuwa baba mdogo, ndugu wa pekee wa baba, mtu wa fimbo na ulimi mkali. "Msichana wetu hajui kuchagua," alisema mbele ya wazee, mimi nimesimama pale pale na birika la chai mkononi. "Vijana wamejaa hapa, yeye anaenda kuokota wa mbali." Nilitamani lile birika limwangukie miguuni. Nikammiminia chai, na sukari nikamwekea.

Kwetu, hata mahari ikishapelekwa, mwanamume hajaoa mpaka akate kiande. Kiande ni bega la mbuzi lililochomwa. Linaletwa nje mbele ya watu wote, na bwana arusi anatakiwa apitishe kisu kwenye kiungo, pale mfupa unapokutana na mfupa, litengane bila vita. Akigonga mfupa anachekwa, anatozwa faini kidogo, mambo yanaendelea. Lakini baba mdogo alikuwa na sheria yake. Alitangaza kwamba huyu wa mbali akianza kupasua nyama kama mbao, yeye atashika fimbo yake aende nyumbani, na hakuna arusi. Tulijua baba hawezi kuniozesha huku ndugu yake amesusa. Nilikuwa silali.

Tulitaka kijana wangu afanye mazoezi, lakini mwenye bucha alikuwa akikata kila kitu kwa shoka. Bega ukilileta nyumbani, kiungo kimeshakuwa uji. Nikamuuliza, "Kwenu mnakata nini, hata kama si mbuzi?" Akacheka. "Kuku," akasema. Nikamwambia hilo hata sikuhitaji kuambiwa, mapenzi ya watu wa kwao kwa kuku yanajulikana. Ndipo akanieleza kwamba kwao kuku havunjwi mfupa. Kila kipande kina jina na mwenyewe, firigisi ni ya baba, na mtu akikata vibaya mgeni hukosa haki yake. Mama yake alimfundisha akiwa mdogo: kwanza weka kisu chini, shika bawa, likunje na kulikunjua, kidole kitakuambia pa kupita.

Jumamosi tukaenda Thika kutafuta kisu. Mhindi mwenye duka alivitandaza visu vyote juu ya kaunta. Kijana wangu akaenda moja kwa moja kwenye kirefu kuliko vyote, kinang'aa, mpini wa pembe, kwenye ala ya ngozi. Alikishika akajitazama kwenye chuma chake. Nikajua hapa kuna kazi.

"Hicho ni cha meza," nikamwambia. "Wewe utakata nje, umechuchumaa, nyama iko kwenye majani ya mgomba. Mkono wako utakaa wapi?"

"Nitaonekana mwanamume."

"Utaonekana na askari wa barabarani kwanza." Siku hizo mtu kutembea na chuma kirefu hivyo kutoka Thika hadi Ruiru ilikuwa ni kutafuta maswali. Mwenye duka akaitikia kwa kichwa, ingawa alitamani sana kukiuza.

Kijana wangu hakusikia. Basi nikamwomba mwenye duka mafuta kidogo ya kupikia. Nilikuwa nimejifunza kwenye miwati kwamba kisu hakichaguliwi kwa mkono mkavu, kwa sababu utomvu ukishakushika ndipo unajua mpini ni rafiki au adui. Nikampaka mafuta viganja vyote viwili, katikati ya duka, watu wakitazama. "Sasa kishike kisu chako, mwanamume."

Mpini wa pembe ukamteleza. Kisu kikaanguka chini na mwenye duka akaruka nyuma ya magunia ya chumvi. Tulicheka sote, hata kijana wangu aliyekuwa amenuna.

Tukavijaribu kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kizito mbele kama jembe. Kingine chuma chake kiliingia kwenye mpini nusu tu, ukikikunja unasikia kinalia. Mwishowe nikapata kimoja cha kawaida kabisa: mpini wa mti mkavu, umepigwa misumari ya shaba, chuma chembamba kinachopinda kidogo na kurudi, urefu wake kama kiganja na vidole. Kingekata nyama, kingekata kamba ya kuni, na kingekaa kwenye kikapu bila kumtisha mtu. Mkono wake wa mafuta ulikishika kikatulia.

"Kinafanana na cha kumenyea viazi," akalalamika.

"Viazi pia utamenya," nikamwambia. Akalipa. Kisu nikakitia kikapuni, tukarudi Ruiru.

Siku yenyewe ilifika na jua zuri. Uani kwetu kulijaa watu, moshi, watoto na kuku waliokuja kuokota makombo. Niliketi mbele ya kijana wangu na leso mpya, nimeambiwa bibi arusi hasemi. Mimi, nisiseme! Kiande kikaletwa kwenye majani ya mgomba. Alipotoa kisu chetu wazee wakaangua kicheko. Baba mdogo akachomoa chake kirefu akampa. "Shika cha wanaume."

"Ahsante, baba," akajibu kwa adabu. "Nitatumia hiki."

Kisha akachanganyikiwa. Moto huikaza nyama, kiungo hujificha. Akakata, na sote tukasikia chuma kikigonga mfupa. Watu wakapiga kelele za faini. Akasogeza kisu kidogo, akagonga tena. Jasho likamtoka. Baba mdogo akaivuta fimbo yake na kuanza kuinuka.

Kusema siwezi, kukata siwezi. Kuku mmoja alikuwa anadonoa miguuni pangu. Nikamnyakua, nikamweka mapajani, nikashika bawa lake. Nikalikunja polepole. Nikalikunjua. Nikalikunja tena.

Shangazi yangu akanifinya, akidhani nimerukwa na akili. Lakini kijana wangu aliinua macho akaniona, na uso wake ukafunguka. Akaweka kisu chini. Akalishika bega kwa mikono miwili, akalikunja na kulikunjua, kidole gumba kikitafuta. Kikasimama. Akachukua kisu, chuma kikaingia, kikapinda kidogo kufuata mfupa, na kiande kikaachana vipande viwili bila sauti.

Akina mama wakapiga vigelegele. Baba mdogo alikuwa nusu amesimama, nusu ameketi. Akaketi.

"Lete hicho kisu," akasema. Akakijaribu ukali kwa kidole, akakipinda, akakipaka mafuta ya nyama makusudi na kukishika upya. Akakata kipande kutoka sinia lililokuwa mbele yake, chembamba, maana meno yake yalikuwa yamebaki machache, akatafuna mpaka akamaliza.

"Nani alichagua kisu hiki?"

Mume wangu angeweza kusema ni yeye. Mwenye duka alikuwa mbali. "Ni huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kukubali.

Baba mdogo akakata kipande kingine, akanyoosha mkono juu ya majani ya mgomba mpaka kwangu.

"Kula, mama," akasema. "Kumbe unajua kuchagua."

Nikakipokea kwa mikono miwili, na kuku akaniponyoka.