Spika, Mkalimani wa Watu Wanaopaa

Mdogo wangu wa mwisho, huyu wanayemwita Spika, hajui Kiingereza. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akanizunguka baadaye. Anajua yesi, anajua noo, na anajua mai frendi, ambayo huitamka kama mtu anayepiga chafya. Kwa Kiingereza hicho ametafsiri filamu za watu wanaopaa miaka nenda rudi, ukumbi umejaa, kipaza sauti mkononi, haya hana.

Zamani alikuwa mpiga mnada wa mitumba. Alikuwa akisimama juu ya meza, anainua koti la mtu asiyemjua, anaanza kulisimulia maisha yake. Koti hili lilikuwa la daktari. Mkewe alimkimbia. Tazameni mfuko ulivyochakaa, alikuwa akitia mkono kila saa kupapasa picha ya yule mwanamke. Watu wananunua, wengine wanafuta machozi. Mimi nilikuwa pembeni na cherehani yangu, nikipunguza mikono na kuziba matundu, nikijisemea huyu mtoto ataingia motoni mdomo wazi. Mwenye ukumbi wa video naye alikuwa akisikiliza, ila yeye aliona kingine. Mkalimani wake alikuwa amehama.

"Bwana mdogo," akamwambia, "maneno hayo unaweza kuyasema mbele ya filamu?"

"Filamu kitu gani? Si ni koti linalotembea tu."

Ndivyo alivyopata kazi.

Filamu zenyewe nazijua, wala sikusimuliwa. Wifi yangu, mke wa Spika, anauza chai mlangoni pa ukumbi, nami nikimaliza kushona naenda kukaa benchi la mbele. Nimeziona zote. Ni takataka. Mtu anapaa lakini kazi hana. Kavaa nguo imembana mpaka unajua alichokula mchana, halafu anasema amejificha. Kafunika macho tu, basi mama yake mzazi hamtambui! Mimi wanangu nikiona kisigino kimetokeza chini ya pazia najua ni cha nani. Wanabomoa mji mzima kumkamata mwizi mmoja, kisha wanasimama juu ya kifusi, upepo unapeperusha shuka mgongoni, na hakuna hata mmoja anayeinama kushika ufagio. Na hilo shuka lenyewe halina pindo. Likipaa mara mbili limechanika.

Muziki wao ndio usiseme. Muziki usiokuamini. Mtu hajafa bado, matarumbeta yameshaanza kukulilia. Mtu anafungua jokofu achukue maji, ngoma zinapigwa utadhani vita vimefika mlangoni. Wimbo wa maana unakuacha ulie ukitaka. Huu unakukaba shingo: lia! cheka! ogopa!

Halafu kuna mashabiki. Mkubwa wao ni fundi simu ambaye kibanda chake kinatazamana na ukumbi. Mtu mzima na ndevu zake, fulana ina barakoa kifuani, juu ya meza kapanga visanamu vya watu wanaopaa, ukitaka kuweka simu yako lazima umsogeze mmoja. Ukimsogeza ananuna. Nimewasikia yeye na wenzake wakibishana wiki nzima kama mtu wa barafu anaweza kumpiga mtu wa umeme. Na hakuna kati yao aliyewahi kumshinda panya wa kibandani kwake.

Spika alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Filamu ikija anaitazama peke yake kwanza, sauti ameifunga kabisa. Hajiulizi wanasema nini. Anajiuliza huyu ni nani wa huyu.

"Dada," aliniambia, "ukishajua nani shemeji wa nani, maneno yanakuja yenyewe."

Basi kinywani mwake mtu wa barafu na mtu wa umeme wakawa mashemeji wanaogombea nyumba. Kila ngumi ikawa na sababu. Wanawake wa mtaani kwetu, ambao mtu apae asipae hawana habari naye, wakawa wanajaza ukumbi wajue nyumba inakwenda kwa nani. Uongo mtupu, lakini afadhali huo. Ukiondoa ngumi na ngoma kwenye filamu zile, kinachobaki ni watu wazima walioshindwa kuombana radhi.

Kisha ikaja filamu ya mtu wa nguo nyeusi tii, amefunikwa kuanzia utosini mpaka kwenye soli. Uso hauonekani, sauti inapitishwa kwenye mashine inatoka kama mtu anakwangua sufuria. Anamlea msichana yatima, anamfundisha kuruka mapaa. Spika aliitazama mara moja akakata shauri: huyo ni mjomba. Mjomba Kivuli. Filamu ya kwanza Mjomba Kivuli, ya pili Mjomba Kivuli, hadi dukani watu wakawa wanamwamkia Spika mwenyewe, "Shikamoo mjomba!"

Hapo ndipo alipoharibu. Lugha yetu ilikuwa imempa mahali pa kujificha. Amekuja, ameondoka, yeye, yule. Unaweza kumsema mtu mwaka mzima asijulikane ni mume au mke. Angekaa hapo hapo salama. Kiherehere kikamtoa.

Ilipokaribia filamu ya tatu, fundi simu akamwendea mwenye ukumbi, tena mbele ya meza ya chai, wifi anasikia.

"Mzee, tumechoka kudanganywa. Wenzetu wanatazama na maandishi chini. Na kama maandishi hutaki, nipe mimi kipaza sauti. Kiingereza nakijua."

Mwenye ukumbi ni mtu wa kuyumba, ukimpulizia kushoto anaenda kushoto. Akasema filamu ya tatu ndiyo itakayoamua. Spika akikosea mbele za watu, kipaza sauti ni cha fundi simu moja kwa moja. Na filamu akaifungia kabatini, asiitazame mtu kabla ya siku yake, hata Spika.

Spika akaja kwangu, akakaa juu ya rundo la suruali nilizokwisha kupiga pasi.

"Inuka hapo."

"Dada, wakinitoa pale nitaenda wapi?"

"Mnadani."

"Mnadani siku hizi kuna kikasha kimerekodiwa sauti. Kinasema bei peke yake kutwa nzima, hakinywi hata maji."

"Basi kajifunze Kiingereza."

"Kwa meno haya?"

Alikuwa anacheka, lakini mikono ilikuwa katikati ya magoti kama ya mtoto aliyefukuzwa darasani. Kweli, jamaa yule hajui kitu kingine. Msumari hapigi, jembe hashiki, gari haendeshi. Mdomo tu. Ukimnyang'anya kipaza sauti kinabaki kichwa na kofia.

"Inuka," nikamwambia, "unazikunja suruali za watu."

Siku ikafika. Mchana wa jua kali, mapazia meusi yameshushwa, feni inazunguka bila kumpoza mtu. Ukumbi umejaa mpaka milangoni. Fundi simu na wenzake wamekaa mstari wa pili, fulana zote sare kama timu ya mpira isiyojua kucheza mpira. Nikawaona wanapigana viwiko na kucheka chinichini. Wao walikuwa wanajua. Walishasoma siri ya filamu kwenye simu zao, wakanyamaza, wamtege.

Spika akaanza vizuri. Mjomba Kivuli akaruka huku, akapiga huku, akamgombeza shemeji yake juu ya nyumba, maana kwa Spika nyumba ya kugombea haikosekani. Watu wanashangilia. Ikafika mahali wamesimama juu ya ghorofa, mvua inanyesha, msichana yatima analia, matarumbeta nayo yameshaanza kazi yake. Mjomba Kivuli akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akafungua barakoa, akaivua.

Mwanamke. Nywele hizo zikamwagika, na hereni sikioni.

Ukumbi ulipasuka. Fundi simu akapanda juu ya benchi. "Haya Spika! Mjomba wako huyo, kavaa hereni! Mwamkie!"

Watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Kipaza sauti kiko mdomoni, mdomo uko wazi, na hakuna kinachotoka. Tangu azaliwe sikuwahi kumwona hivyo. Mlangoni wifi kashika birika, hamimini wala haliweki chini.

Yule mwanamke kwenye skrini akaanza kusema, anamtazama msichana, midomo inatetemeka. Ndipo Spika akavuta pumzi.

"Mliniita mjomba," akasema, sauti ya taratibu, "hakuna aliyeniuliza. Nikaitika. Mtoto alikuwa anahitaji mjomba, mimi ningekataa vipi?"

Kicheko kikakatika. Nyuma yangu muuza mkaa, mama mmoja mwili wake wa kutosha benchi zima, akasema "Yarabi!" akatafuta ncha ya nguo yake afute macho. Nami nasema kweli, nilijikuta nami natafuta ncha ya nguo yangu, na nikachukia.

"Uongo!" fundi simu akapiga kelele. "Hajasema hivyo! Kasema kimbieni, kuna bomu!"

Na kweli, palepale ghorofa likalipuka. Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Muuza mkaa aliruka, benchi likaruka naye.

"Spika!" watu wakamgeukia. "Bomu mbona hukutuambia?"

Mwenye ukumbi akaja mbele, akaisimamisha filamu. Akanyoosha mkono bila kumtazama Spika usoni. Spika akakabidhi kipaza sauti, akavua kofia, akaketi kwenye kiti chake hivyohivyo mikono katikati ya magoti. Filamu ikarudishwa nyuma mpaka pale pa mvua, fundi simu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama bilauri iliyojaa.

Barakoa ikavuliwa tena. Akasoma neno kwa neno, bila chumvi.

"Kimbieni. Kuna bomu. Sekunde chache. Msichana anashangaa. Anamwita. Anasema, shangazi."

"Shangazi?" muuza mkaa akauliza.

"Shangazi."

"Shangazi wa upande gani?"

"Ni shangazi, mama. Tutazame filamu."

"Shangazi ni dada wa baba. Baba wa huyo mtoto tuliambiwa hakuwa na ndugu, ndiyo maana mtoto akakosa pa kwenda. Huyo dada katoka wapi leo?"

Fundi simu akakuna ndevu. "Kwa Kiingereza ni neno moja. Dada wa baba, dada wa mama, wote sawa."

"Na mke wa mjomba?"

"Hata yeye."

Ukumbi mzima ukaguna. "Sasa hao wakigombana," wifi akauliza kutoka mlangoni, "wanajuaje nani anyamaze?"

Fundi simu akatoa simu, akaitazama, akaikwangua kwa kidole. Simu haikujua. Wenzake wa fulana nao wakatoa zao. Mmoja akasema pengine itaelezwa filamu ya nne. Hebu niambie: watu wamekariri mtu wa barafu alizaliwa na nani, alifia wapi, akafufuka mara ngapi, na hawawezi kukwambia mwanamke anayelia mbele yao ni nani wa mtoto.

"Ni mama mdogo," Spika akasema. Hakuinuka. Hakuwa na kipaza sauti wala hakukihitaji. "Si niliwaambia tangu mwanzo? Mjomba ni ndugu wa mama. Kavua barakoa, kawa mama mdogo. Upande umehama? Haujahama."

Watu wanapiga hesabu ya ukoo vichwani.

"Kweli," mmoja akasema. "Upande ni uleule."

"Na kama ni mama mkubwa?" fundi simu akauliza kwa hasira. "Umejuaje ni mdogo?"

"Tazama shingo. Mama mkubwa atakuwa na shingo ile?"

Muuza mkaa akapiga paja lake kofi, ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Spika. Alikuwa amebuni. Upande wa mama aliubuni yeye mwenyewe, filamu ya kwanza, sauti imefungwa, anatafuna andazi. Hao watunzi wa filamu pengine hawajui hata leo. Lakini nani wa kumbishia? Mwenye Kiingereza chake amesimama hapo, na Kiingereza kimeishiwa.

Mwenye ukumbi akapulizwa upande wa pili, kama kawaida yake. Akakichukua kipaza sauti kwa fundi simu.

"Spika, shika."

Spika hakunyoosha mkono. Ana kiburi yule, sijui kakitoa kwa nani.

"Shika bwana, watu wanangoja!"

"Na bomu?" Spika akauliza. "Bomu jingine likija nikalala tena?"

Spika akasogea kwenye kiti chake, akapiga nusu iliyobaki kwa kiganja.

"Huyu akae hapa. Yeye aniambie mabomu. Ndugu nitawapanga mwenyewe."

"Mimi siwezi kukaa ubavuni mwa uongo," fundi simu akasema, kidevu juu.

"Basi simama."

Akatazama huku na huku. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa imeshachukuliwa na watoto wa mlangoni, filamu imewashwa, na walio nyuma wanamwambia ainame, anawaziba. Akakaa. Wifi akamimina chai, vikombe viwili, akawapelekea.

Mimi niliondoka, nilikuwa na suruali za kupiga pasi upya. Mwisho wake naujua, mwisho wao wote ni mmoja. Nikawaacha pale, mwongo na mjuaji, kila mmoja na tako moja kwenye kiti, wakimngoja mama mdogo wa watu aje aubomoe mji mwingine.